Ijumaa Mjukuu Wangu Alipokataa Kuitika

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nawajua. Mnapenda kutishwa. Juzi nimewakuta sebuleni, vichwa vitatu kwenye simu moja, mnaangalia sinema ya mtoto aliyepotea msituni. Miti mirefu, giza, muziki wa kushtua, na nyinyi mmekumbatiana, huku mnacheka huku mnapiga yowe. Mkaniita, "Bibi, njoo uone." Nikasimama kidogo, halafu nikatoka uani kwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Mmoja wenu akasema bibi haelewi sinema. Bibi anaelewa.

Mimi msitu haunitishi. Nimezaliwa chini ya Milima ya Uluguru, kuni nimeokota humo tangu nikiwa na pengo la meno ya mbele. Msituni mtoto akipotea unaita, halafu unanyamaza, unasikiliza. Ukisikia kitu ni yeye au ni nyani. Kilichonitisha mimi ni Kariakoo, Ijumaa, saa sita mchana, jua la utosi, watu wamejaa kama siafu. Na mtoto mwenyewe ni mmoja wa vile vichwa vitatu, tena ndiye aliyekuwa anacheka zaidi. Ukimuuliza anasema anakumbuka harufu ya kitambaa kipya tu, mengine hana habari nayo. Basi mimi nayakumbuka kwa niaba yake. Nimeishia darasa la nne, nitaandika ninavyosema. Asiyependa afunge daftari.

Nyumbani kwangu Magomeni nilikuwa na sheria iliyozizidi zote. Mtu usiyemjua akikuita, usiitike. Hata akitaja jina lako. Hata akisema katumwa na bibi. Hasa akisema katumwa na bibi. Kaa hapohapo ulipo, funga mdomo, subiri mpaka unione mimi au unisikie mimi.

Sheria hii ilikuwa na sababu. Mtaani kwetu kuna mtoto aliitwa na mwanamume aliyelisoma jina lake kwenye begi la shule. Mtoto akamfuata. Walimkuta jioni Buguruni, mzima, kakaa kwenye benchi la fundi magari ananyonya barafu, na yule mwanamume hajulikani alikokwenda. Watu wakamshukuru Mungu, wakaenda kulala. Mimi sikulala. Kulipokucha nikawapanga wajukuu wangu ukutani, wakubwa wawili na huyu mdogo ambaye alikuwa na miaka sita, nikawasomea sheria. Na kwa kuwa najua mtoto akisema "ndiyo bibi" maana yake hajasikia, nikawatega. Nilimwomba jirani wa mtaa wa pili, mama ambaye hawakuwahi kumwona, aje dirishani siku nikiwa sipo.

Akaja na biskuti. "Jamani watoto, bibi yenu kaniagiza niwachukue. Yuko sokoni, kaumia mguu."

Wale wakubwa wawili walitoka mbio, mmoja hata viatu hakuvaa. Walikula biskuti, kisha wakala fimbo. Mdogo aliingia chini ya kitanda. Yule mama akamwita kwa jina, akambembeleza, akamwimbia, akachoka. Nilipofika ilibidi nimwite mimi mwenyewe ndipo akatoka, vumbi kichwani, utando wa buibui sikioni. Nikampa kashata nzima, akaila mbele ya wenzake. Nilijiona mlezi hodari.

Jambo lingine mlijue mapema. Mimi mtoto simwiti kwa jina. Jina ni la shule na la hospitali. Mimi nasema, "We mtoto!" na kila mmoja anajua ni yeye anayeitwa, na anajua nimekasirika kiasi gani.

Wakati ule nilikuwa nashona mashuka na foronya. Kitambaa nilichukua Kariakoo, kwenye duka la mzee mmoja wa Kiarabu aliyelirithi kwa baba yake. Mtaa mzima unamwita Ami, mkubwa na mdogo. Mbele duka jembamba, nyuma stoo kubwa, majora ya vitambaa yamesimamishwa na kulazwa mpaka darini. Ukisimama katikati yake huoni ukuta. Ami naye alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, stoo huingii na viatu, maana anakutandikia kitambaa kwenye mkeka ukikague. Ya pili, Ijumaa saa sita anafunga aende msikitini, na akishasema nafunga hauzi hata kifungo.

Safari iliyotangulia, huyu mjukuu wangu mdogo aliacha ndala zake mlangoni mwa stoo. Tulipotoka zilikuwa zimeshaondoka na miguu mingine. Nilimsema njia nzima mpaka Magomeni. Nikamwambia, siku nyingine ukivua ndala zako uzishike mkononi, usiziachie mtu.

Sasa Ijumaa yenyewe. Shule zimefungwa, mama yake yuko kazini Kigamboni, nikamchukua. Gauni la njano, kichwa kimenyolewa, ndala za bluu mpya. Tulichelewa kufika. Nimetandikiwa popelini, naivuta, naikagua juani kwenye kidirisha, Ami akaanza kukunja vitu.

"Bi mkubwa, nafunga."

"Nimalizie hiki cheupe."

"Cheupe utakikuta saa nane. Mungu hangoji shuka lako."

"Wewe Ami, mteja wa miaka yote unamfukuza?"

"Namfukuza aende akaswali na yeye."

Nikachukua mzigo wangu, nikamwambia mjukuu bila kugeuka, "Haya, tangulia nje." Nikafika mlangoni mwa stoo, nikavaa viatu vyangu. Nikaangalia, ndala za bluu hazipo. Nikajua kazivaa, kashatoka. Ami nyuma yangu akaingiza kichwa stoo, akapaza sauti kama kawaida yake. "Nani yumo? Nafunga! Mtoto, umo?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Akazima taa, akavuta mlango wa stoo, tukatoka, akateremsha mlango wa chuma wa mbele, makufuli mawili, funguo mfukoni mwa kanzu, huyo akaondoka kwa mwendo wa kukimbia.

Nikaweka mzigo chini. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna gauni la njano.

Mwanzoni nilikasirika tu. Nikasema leo atanitambua. Nikaenda hatua kumi huku, nikarudi, nikaenda kule. Kwenye kona nikaona magauni ya njano matatu, hakuna lake. Mkokoteni wa magunia ukanipita, nikabanwa ukutani, na nilipotoka hapo hasira ilikuwa imeisha. Kilichobaki sikijui jina. Nikaanza kupiga kelele.

Upande wa pili wa mtaa kulikuwa na Mchaga muuza ndoo na mabeseni ya jumla. Yeye ni Mkristo, Ijumaa hafungi. Wote tunamwita Mangi. Alivuka barabara, akanishika mkono.

"Mama, kuna nini?"

"Mjukuu wangu. Alikuwa hapa. Alikuwa hapahapa."

"Kaa hapa." Akageuza ndoo juu chini, akanikalisha. "Usiondoke. Akirudi atarudi alipokuacha. Ukiondoka na wewe tutakutafuta."

Na huo ndio ukawa mtego wangu. Nikikaa, mtoto anazidi kwenda mbali. Nikiondoka, anarudi na hanikuti. Mbele yangu watu wanapita bila mwisho, tumbo kwa mgongo, wala pengo la kupitisha mkono halipo. Kila nikiinuka Mangi ananiambia kaa. Miguu yangu mizima, na nimefungwa juu ya ndoo.

Pembeni yetu palikuwa na mama mmoja mnene, muuza sidiria, kazipanga kwenye turubai. Alikuwa na kile kipaza sauti cha mkononi kinachorudia maneno yenyewe, "Sidiria buku mbili, mbili, mbili, shikilia mali isianguke!" Akakizima. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba kumbe kinazimika.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Kavaa nini? Anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akasimama juu ya boksi, akaita jina la mjukuu wangu, jina lote mpaka la babu. "Mtoto wa kike, gauni la njano, kanyolewa, ndala za bluu! Bibi yako yuko hapa kwa Mangi wa ndoo! Ukisikia itika!" Sauti ikagonga ghorofa, ikarudi. Mangi akatuma watu, wakatawanyika kwenye vichochoro wakiita lilelile. Wengine wakazunguka mpaka nyuma ya maduka. Mtaa mzima ukawa unalitaja jina la mtoto wangu. Wakaja watoto wawili wenye jina hilohilo, mmoja wao mvulana, mama zao wanauliza kulikoni.

Na hapo hapakosi wa kuchoma. Kijana mmoja kabeba mikanda begani akasema, "Bibi kazama kwenye vitambaa, mtoto kampa nani ashike?"

Nikamwambia, "We ungekuwa wangu ningekupoteza makusudi."

Watu wakacheka. Mimi nilijibu kwa mazoea tu, mdomo ulijiendea. Ndani nilikuwa nimekauka.

Simu ikalia. Mwanangu, mama yake mtoto, yuko Kigamboni, wakati wake wa chakula.

"Mama, mko wapi?"

"Kariakoo."

"Mbona kelele hivyo? Nipe huyo mchumba wangu niongee naye."

Mchumba ndivyo alivyomwita mwanawe. Nikatazama wale watu wanaopita.

"Anakula," nikasema.

"Anakula nini?"

"Chipsi. Nitakupigia."

Nikakata. Nimemlea mwanangu miaka thelathini, uongo nilikuwa nampigia fimbo. Nikaiweka simu kifuani, ikalia tena, nikaiacha ilie.

Adhana ilishapita, mahubiri yakawa yanasikika kwa mbali. Nusu saa ikaisha. Sauti yangu ilikuwa imekatika, natoa hewa tu. Wale waliotumwa wakawa wanarudi mmojammoja wakitikisa vichwa. Mama wa sidiria akashuka kwenye boksi, akajifuta jasho na upande wa khanga.

"Bibi, samahani nikuulize. Huyu mtoto anasikia vizuri? Maana nimeita mpaka betri inaniaga."

"Anasikia."

"Mbona haitiki sasa?"

Hapo ndipo nilipojibu, tena kwa maringo, sikutafakari hata kidogo. Nikasema, "Mjukuu wangu haitiki akiitwa na mtu asiyemjua. Nimemfunza mimi."

Mangi akageuka kwangu. Akasema taratibu, "Sasa mama, muda wote huu sisi tunamwita nani?"

Mtaa mzima unaita, na mimi nimekwishaufunga ule mdomo mwenyewe, nikautia kufuli, nikaupa na kashata. Anaweza kuwa nyuma ya gunia hatua tatu kutoka hapa. Kila tunavyoita ndivyo anavyozidi kujificha.

Nikaanza kupekua kichwani mambo yote niliyowahi kumwamrisha, maana nilijua huyu mtoto hasahau hata moja. Usiitike. Kaa hapohapo ulipo. Ndala ushike mkononi.

Ndala ushike mkononi.

Sikuziona mlangoni mwa stoo. Nikadhani kazivaa. Hakuzivaa, alikuwa nazo mkononi, ndanindani huko. Na Ami aliuliza mtoto umo, mara mbili, sauti ya mwanamume asiyemzoea, naye akafanya nilivyomfundisha.

Nikainuka, ndoo ikaanguka. Nikasema, "Yumo ndani." Sauti haikutoka. Nikaonyesha kidole mlango wa chuma wa Ami.

Mangi alielewa haraka. Akatikisa makufuli, akapiga simu ya Ami, imezimwa. "Yuko kwenye swala. Namfuata," akasema, na akaondoka mbio, kiatu kimoja kinampwaya. Mama wa sidiria akanivuta kwenye kichochoro cha nyuma, maji machafu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Juu ukutani kulikuwa na kile kidirisha cha stoo, nondo tatu, wavu umeshika vumbi. Akapanga ndoo za Mangi tatu, moja juu ya moja, akanisukuma makalio bila aibu mpaka nikafika. Kabla sijafungua mdomo yeye akaita, kwa sauti yake nzuri ya biashara, "Mwanangu! Uko humo mwanangu?"

Kimya.

Nikamwashiria anyamaze. Nikabandika mdomo kwenye wavu. Ndani giza, joto linanipiga usoni, na ile harufu ya kitambaa kipya. Sauti sina, ila hasira ninayo. Nikakusanya yote iliyobaki.

"We mtoto! Nilikwambia tangulia nje, nilikwambia nini?"

Nikasubiri. Nilisikia mahubiri, nilisikia honi.

"Abee, bibi."

Ndogo, imetoka chini kabisa, kama inatoka ndani ya kitambaa chenyewe.

Niliishika ile nondo. Mama wa sidiria chini yangu akaanza kulia kwa sauti, nikamwambia mwenzangu nyamaza sisikii.

"Njoo dirishani nikuone."

"Siwezi bibi. Nimebanwa."

Kumbe alikuwa nyuma ya majora, ile "tangulia nje" yangu hakuisikia, na taa ilipozimwa alipanda juu yake afuate mwanga. Yakaviringika naye, mawili yakamlalia mguu. Jora moja mimi mwenyewe siliinui. Akaniambia mguu hauumi sana ila haumsikii. Akaniambia ana kiu. Mimi niko juu ya ndoo tatu, mkono wangu unapita kwenye nondo mpaka kiwiko, haugusi kitu. Mtoto nimempata na sina la kumfanyia. Afadhali wakati ule nilipokuwa natafuta, angalau nilikuwa na la kufanya.

"Ulisikia watu wanakuita?"

"Nimesikia. Walikuja na hapo nje, karibu."

"Wakasemaje?"

"Wanasema wametumwa na bibi." Akaongeza, "Sikuitika, bibi. Nilinyamaza kabisa. Nimefanya vizuri?"

Vijana, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo.

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Sasa ongea. Ongea usinyamaze."

"Niongee nini?"

"Chochote. Hesabu."

Akahesabu. Alikuwa anajua mpaka hamsini, akifika anaanza tena. Mara ya pili sauti ikaanza kuzubaa, inaruka namba, joto linamlaza, na mimi nagonga nondo kwa pete, "Baada ya thelathini na tano?" Mara ya tatu alifika ishirini na nne.

Mangi alivyonisimulia baadaye, alivua viatu akavishika mkononi, akaingia mpaka safu ya mwisho, yeye Mkristo na rozari shingoni, akasimama ukutani akingoja watoe salamu. Imamu alipogeuza shingo kushoto tu, Mangi akapaza sauti, "Ami wa vitambaa, kuna mtoto kwenye stoo yako!" Ami alitoka peku. Nilisikia makufuli yanagongana, nikasikia ule mlango wa chuma unapanda, nikaruka chini, goti hili mnaloniona nalo linanisumbua wakati wa mvua ni la siku ile.

Taa ilipowashwa alikuwa amelala ubavu, jasho limemlowesha, jicho nusu wazi, ndala mbili za bluu kazikumbatia kifuani. Ami na Mangi walinyanyua yale majora, mmoja huku, mmoja huku, wote wawili peku. Mguu umevimba, haujavunjika. Akanywa maji chupa nzima, akatapika kidogo, akanywa tena.

Ami alikaa chini kwenye mkeka, kanzu yake imeingia tope. "Bi mkubwa, nimeuliza. Mara mbili nimeuliza. Ningeingia nikatazama kabla ya kuzima taa."

"Uliuliza, Ami. Mimi ndiye niliyemkataza kukujibu."

Akataka kunipa kile kitambaa cheupe bure. Nikakataa. Mpaka leo shuka jeupe silishoni.

Jioni mwanangu alivuka na kivuko cha Magogoni, akafika nyumbani, akaona mguu. Nikamweleza yote, na ile chipsi nikaieleza. Alimchukua mwanawe akalala naye chumba kingine, akafunga mlango kwa ndani, nami nikabaki kwenye korido kama mpangaji. Nilikaa pale nikifikiri. Nikifuta sheria, kuna yule mwanamume wa begi la shule. Nikiiacha, kuna stoo. Huku na huku mtoto wangu yumo.

Asubuhi niliwapanga wote ukutani, mama yao naye nikamweka mstarini. Nikawaambia sheria ya kutowafuata wasiowajua iko palepale. Ila ukijikuta umefungiwa, umebanwa, umepotea, au huoni mtu wako, kunyamaza ni marufuku. Usimfuate mtu, lakini kelele piga. Na kwa kuwa najua "ndiyo bibi" maana yake nini, nikamwingiza mdogo peke yake kwenye chumba cha nyuma tunachowekea mkaa, nikaacha mlango wazi ili anione, nikamwambia nipigie kelele.

Akasema, "Bibi," taratibu, kama anaomba chumvi.

Nikamwambia, "Hiyo haijafika hata uani. Jirani bado kalala. Vuta pumzi, piga tena, na usiache mpaka niambiwe na watu wa mtaa wa pili kuwa wamekusikia."